Kufunga Kompyuta Ndogo Tupu kwa Ajili ya Sinema na Gemu Sebuleni

Kompyuta ndogo tupu huuzwa ikiwa na kasha, ubaomama, prosesa, feni na adapta ya umeme. RAM (kumbukumbu ya muda) hamna, diski hamna, mfumo endeshi hamna. Hivyo vitatu unavitafuta mwenyewe, na ndivyo vinavyoamua kama mashine itakuwa ya raha au ya karaha. Wanunuzi wengi huishia kwenye jina la prosesa, kisha hujaza nafasi zilizobaki kwa chochote kilichopatikana kwa bei ya chini. Kwa kuandika barua na kuperuzi mtandaoni, haina neno. Kwa gemu, huko ni kulipia nguvu ambayo hutaiona.

Visanduku hivi si vya jana. Kampuni ya Shuttle ya Taiwan iliuza makasha tupu madogo tangu mwaka 2001, na Intel ikaja na kompyuta ndogo za NUC mwaka 2012, yenye ubao wa takriban sentimita 10 kwa 10. Julai 2023 Intel ilijitoa, na ASUS ikachukua jukumu la kuendeleza NUC. Leo utakutana pia na Minisforum, Beelink, GEEKOM, ASRock, Gigabyte na Zotac. Jina la kampuni lisikushughulishe sana kwa sasa. Karatasi ya maelezo ina uzito zaidi.

Hatua ya 1: Amua mashine itafanya nini

Kama ni sinema, muziki na video za mtandaoni tu, usinunue farasi wa mashindano. Prosesa kama Intel N100, ambayo kiwandani imepangiwa wati 6 tu, inatosha kabisa. Inafungua video zilizobanwa kwa mbinu za H.264, HEVC, VP9 na AV1 kwa kutumia sehemu maalumu ya chipu, kwa hiyo hata picha kali ya 4K haiitoi jasho. Lakini ijue mipaka yake: ina njia moja tu ya RAM, na rasmi Intel huitambua hadi GB 16. Gemu za zamani na nyepesi itazicheza. Gemu nzito za leo isahau.

Hiyo AV1 inastahili jicho la pili, kwa sababu huduma nyingi za video zinaitumia. Prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 11 zinaifungua zenyewe. Kwa AMD, zenye grafiki ya kizazi cha RDNA 2 na kuendelea zinaiweza, kwa mfano Radeon 680M iliyomo kwenye baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 6000. Zenye grafiki ya zamani ya Vega, kama Ryzen 7 5700U au Ryzen 7 5800H, haziiwezi. Zitacheza video hiyo kwa kuitumikisha prosesa yenyewe, na utajua kwa sauti ya feni. Mashine za Vega bado zipo sokoni kwa bei ya kuvutia, na kwa gemu nyepesi hazina ubaya. Kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni sinema, N100 inazishinda kwa utulivu.

Kama ni gemu, majina ya grafiki ya kutafuta ni Radeon 680M, 780M na 890M upande wa AMD, na grafiki za Arc zilizomo ndani ya baadhi ya Core Ultra upande wa Intel. Tegemea kucheza gemu nyingi kwa picha ya 1080p (Full HD), mipangilio ikiwa ya chini au ya kati. Anayekuahidi 4K kwenye gemu nzito kwa chipu hizi anakuuzia maneno. Na usihadaike na namba: Ryzen 7 7840HS na Ryzen 7 8845HS zote mbili zina Radeon 780M ileile. Kama tofauti ya bei ni kubwa, ya zamani inakufaa vilevile.

Kuna makundi mengine mawili. La kwanza ni ASRock DeskMini, ambamo hata prosesa haimo. Unaichomeka mwenyewe kwenye soketi. DeskMini X600, yenye ujazo wa lita 1.92, inapokea prosesa za soketi ya AM5 kama Ryzen 7 8700G, ambayo nayo ina 780M. Feni na bati la kupozea visizidi kimo cha milimita 47, la sivyo kasha halifungi. Mimi naipendelea kwa mtu anayetaka kubadilisha prosesa baada ya miaka michache, maana kwenye kompyuta ndogo nyingine karibu zote prosesa imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. La pili ni makasha makubwa kidogo yenye kadi ya grafiki ya kompyuta mpakato ndani yake, kama mfululizo wa Zotac Magnus. Hayo ndiyo yanayocheza gemu nzito bila kusihi, ila adapta yake ni tofali na feni zake husikika.

Hatua ya 2: Soma karatasi ya maelezo kabla ya kutoa hela

Tafuta aina ya RAM kwanza. Maneno "SO-DIMM" yana maana ya nafasi za kuchomeka. Ukiona "LPDDR5" au "LPDDR5X", kwa kawaida RAM imelehemiwa kwenye ubao, na uliyoinunua ndiyo utakayozeeka nayo. Kisha hesabu sloti za M.2 za diski: moja inatosha, mbili ni neema.

Halafu tundu la HDMI. HDMI 1.4 inaishia 4K kwa hezi 30 (picha 30 kwa sekunde), na hata kusogeza kipanya juu yake kunachosha macho. HDMI 2.0 inapitisha gigabiti 18 kwa sekunde na kufika 4K kwa hezi 60. HDMI 2.1 inaweza kufika gigabiti 48 na 4K kwa hezi 120. Nasema "inaweza" kwa makusudi, kwani mtengenezaji anaruhusiwa kuandika 2.1 bila kuweka sifa zote. Usiiamini namba peke yake. Tafuta palipoandikwa wazi "4K 120 Hz".

Baadhi ya mashine zina tundu la OCuLink, USB4 au Thunderbolt, ambalo siku moja litakuwezesha kuunganisha kadi kubwa ya grafiki ikiwa nje ya kasha. OCuLink yenye njia nne za PCIe 4.0 (njia za data za ubao) inapitisha gigabiti 64 kwa sekunde, Thunderbolt 4 inapitisha 40. Kama una mpango huo, chagua OCuLink, ukikumbuka kwamba haichomolewi mashine ikiwa imewaka.

Mwisho, piga hesabu ya jumla. Bei ya RAM na SSD hupanda na kushuka sana, na kuna vipindi ambapo mashine ileile ikiwa imekamilika huuzwa karibu sawa na tupu pamoja na vifaa vyake. Hata hivyo tupu ina faida isiyoonekana kwenye bei: mfumo endeshi unauweka mwenyewe. Mwaka 2024 ziligunduliwa kompyuta ndogo zilizotoka kiwandani zikiwa tayari na programu hasidi za kuiba nywila ndani ya Windows. Hata ukinunua iliyokamilika, ifute na usakinishe upya.

Hatua ya 3: RAM, na iwe mbili

Kadi ya grafiki ya kawaida ina kumbukumbu yake yenyewe. GeForce RTX 4060, kwa mfano, husoma na kuandika humo kwa kasi ya GB 272 kwa sekunde. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina chake. Inaazima RAM ya kompyuta, tena inagombania na prosesa. Kwa hiyo kasi ya RAM ndiyo inayopanga fremu (picha) ngapi utaziona kwa sekunde.

Tazama hesabu. Kipande kimoja cha RAM ya DDR5-5600 kinapitisha GB 44.8 kwa sekunde. Vipande viwili, kila kimoja kwenye sloti yake, vinafanya kazi sambamba na kufikisha GB 89.6. Kwa DDR4-3200, kimoja ni GB 25.6 na viwili ni 51.2. Ina maana kipande kimoja cha GB 16 na vipande viwili vya GB 8 ni GB zilezile kwenye karatasi, lakini ndani ya gemu ni mashine mbili tofauti. Radeon 780M yenye kipande kimoja cha RAM ni chipu nzuri iliyokabwa koo.

Kwa gemu, nunua viwili vya GB 16, jumla 32. Si anasa: grafiki itajikatia sehemu yake, tuseme GB 4 au 8, na kinachobaki ndicho kinachotumiwa na gemu, mfumo endeshi na kila kitu kingine. Mfuko ukibana, viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16. Mpango wa "nianze na kimoja, kingine nitaongeza" huwa mgumu kuutimiza. Kipande cha pili kikija na kasi tofauti, vyote viwili vitashuka kwenye kasi ya kile cha polepole.

DDR4 na DDR5 haziingiliani. SO-DIMM ya DDR4 ina pini 260, ya DDR5 ina 262, na pengo la katikati limekaa mahali tofauti; ikigoma kuingia, usiisukume. Usilipie pia RAM ya mbwembwe yenye kasi za kupandishwa, kwa sababu BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya mfumo endeshi) nyingi za kompyuta ndogo hazizitambui na zitaiendesha kwa kasi ya kawaida. Chukua DDR5 ya volti 1.1 yenye kasi iliyotajwa na mtengenezaji wa kasha, au DDR4-3200 ya volti 1.2.

Hatua ya 4: Diski

Hapa hakuna mengi. Umbo linaloingia karibu kila mahali ni M.2 2280, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Angalia kama sloti inataka NVMe au SATA, maana maumbo yanafanana ilhali lugha ni mbili tofauti. NVMe ya PCIe 3.0 inasoma takriban GB 3.5 kwa sekunde na ya 4.0 takriban 7, lakini gemu nyingi hufunguka kwa muda unaokaribiana. Weka hela kwenye ukubwa: TB 1 ndiyo pa kuanzia, kwa kuwa gemu kubwa za sasa hupita GB 100 kila moja. Kama kasha lina nafasi ya diski ya inchi 2.5, iachie sinema.

Hatua ya 5: Kufunga

Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota na meza yenye mwanga. Chomoa adapta, kisha gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli ulio mwilini utoke. Skrubu za kasha mara nyingi zimefichwa chini ya miguu ya mpira.

Fungua kifuniko polepole. Kwenye mashine nyingi kimeungwa na ubao kwa waya wa feni, au kwa nyaya nyembamba za antena ya Wi-Fi ambazo hukatika kwa mvuto mmoja wa pupa. Ukizichomoa, piga picha kwanza kwa simu ujue kila waya ulikuwa wapi.

RAM huingia kwa mshazari, nyuzi kama 30, hadi pini za dhahabu zipotee karibu zote. Kisha bonyeza chini hadi vishikizo vya pande zote mbili vilie. SSD nayo huingia kwa mshazari, inalazwa na kufungwa kwa skrubu moja ndogo, bila nguvu. Kama kuna utepe laini wa kupitisha joto kati ya SSD na kifuniko, bandua ile karatasi ya plastiki juu yake. Wengi huiacha, na diski ikapata moto bure.

Usifunge kasha bado. Unganisha runinga, kibodi na umeme, kisha washa. Kwa DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa wakati ubao unaipima RAM mpya. Hapo ndipo watu huzima na kuwasha, wakazima tena, kisha wakarudisha mashine dukani wakidai mbovu. Nenda kaendelee na mambo yako. Ikishindikana baada ya robo saa, zima, jaribu kipande kimoja cha RAM kwenye sloti ya kwanza, halafu kingine, hadi umjue mkosaji.

Hatua ya 6: BIOS

Bonyeza Del au F2 mara mashine inapowaka. Hakikisha vipande vyote viwili vya RAM vinaonekana kwa kasi uliyonunua, na diski ipo. Kisha pitia haya:

- Kumbukumbu ya grafiki. Kwenye AMD hujulikana kama "UMA Frame Buffer Size". Ukiwa na RAM ya GB 32, ipe 4 au 8. Baadhi ya gemu hukataa kufunguka au huonya zikikuta nusu GB.
- Kiwango cha wati. Kasha lenye hali za "Balanced" na "Performance" liache kwenye ya kwanza kwa kuanzia. Chipu kama 780M hupata karibu yote inayohitaji kati ya wati 35 na 45; ukipanda zaidi, kinachoongezeka haraka ni joto na kelele.
- TPM na Secure Boot. Ni vipengele vya usalama; viwashe kama unakwenda Windows 11.
- Kuwaka baada ya umeme kurudi. Ni hiari yako, lakini kwa mashine iliyofungwa nyuma ya runinga inakuepusha na kupapasa kitufe gizani.

Hatua ya 7: Mfumo endeshi

Swali linaloamua ni moja: gemu zako na huduma zako za video zinakubali wapi? Fortnite na Valorant hazichezeki kwenye mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu. Huduma kubwa za sinema nazo hukupunguzia ubora wa picha ukizifungua kwa kivinjari ndani ya Linux. Kama hayo ndiyo maisha yako, weka Windows 11. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo usianze nayo. Pakua draiva ya Wi-Fi mapema na uiweke kwenye flashi, kwa sababu usakinishaji hudai intaneti huku hauitambui kadi yako.

Kama gemu zako ziko Steam, duka la gemu la Valve, na si za mashindano ya mtandaoni, Bazzite ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyodhani. Ni Linux iliyojengwa juu ya Fedora, inaweza kuwaka moja kwa moja kwenye ukurasa mkubwa wa Steam, na yote unayafanya kwa padi bila kugusa kibodi. Gemu za Windows hupitia Proton, programu ya kuziendesha ndani ya Linux, ambayo Valve iliitoa mwaka 2018. Kwa sinema zako mwenyewe tu, LibreELEC ni nyepesi mno: inawasha Kodi, programu ya kuonyesha sinema, na haina kazi nyingine.

Hatua ya 8: Kuikalisha kwenye runinga

Kabati lililofungwa ni adui. Mashine nyingi huja na bati la kuifunga nyuma ya runinga kwa matundu ya kiwango cha VESA ya milimita 75 au 100, na hapo hewa inapita. Ubaya wake ni kwamba runinga yenyewe huziba Wi-Fi, kwa hiyo kama unaweza kuvuta waya wa mtandao, uvute. Waya huo utakusaidia zaidi kama una kompyuta kubwa chumba kingine: sakinisha programu ya Sunshine kule (hutuma picha) na Moonlight hapa (huipokea), na kisanduku cha wati chache kitakuonyesha gemu zinazochezwa na kadi kubwa.

Padi au kibodi isiyo na waya ikikatikakatika, tazama kilichochomekwa jirani na kipokezi chake. USB 3.0 hutoa mvumo wa redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, Intel yenyewe ililieleza hilo mwaka 2012. Hamishia kipokezi kwenye tundu la mbali au tumia waya mfupi wa kurefushia. Shida nyingi zinazolaumiwa kwa padi huishia hapo.

Kwenye runinga, washa hali ya gemu ili kupunguza ucheleweshaji, na zima ukuzaji wa picha unaokata kingo. Nyeusi ikionekana kijivu, au vivuli vikimezwa na giza, kompyuta na runinga hazijakubaliana kuhusu upana wa rangi za RGB. Ziwekee zote "full" au zote "limited".

Sinema nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24. Kwenye hezi 60, fremu moja hukaa mara mbili na inayofuata mara tatu, ndiyo maana kamera ikigeuka polepole picha huonekana kudundadunda. Ndani ya Kodi washa mpangilio wa kubadilisha hezi za skrini zifuate video. Hezi 120 hazina tatizo hilo, kila fremu inakaa mara tano.

Rimoti ya runinga kwa kawaida haitaiongoza kompyuta, kwa kuwa kompyuta nyingi hazina HDMI-CEC, njia ya kupitisha amri za rimoti ndani ya waya wa HDMI. Pulse-Eight hutengeneza adapta ya USB ya kuziba pengo hilo. La sivyo, kibodi ndogo yenye kipanya cha kugusa inatosha.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kuisahau

Endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha kutoka kwenye flashi. RAM yenye kasoro huleta hitilafu zisizo na mpangilio, na utazilaumu gemu, draiva na umeme kabla ya kuifikiria. Kisha cheza gemu nzito kwa nusu saa ukitazama joto. Prosesa za kompyuta mpakato hustahimili nyuzi 90 na ushee, lakini fremu zikianza kushuka baada ya dakika kumi, mashine inajipunguza yenyewe: shusha wati, au isogeze penye hewa.

Halafu funga idadi ya fremu, yaani iwekee kikomo. Gemu inayoyumba kati ya 42 na 58 inachosha kuliko iliyotulia kwenye 40. Runinga yako ikiwa ya hezi 120, 40 inagawanyika sawasawa, na kila fremu inakaa milisekunde 25, katikati kabisa ya 33.3 za fremu 30 na 16.7 za fremu 60. Ikiwa ni ya hezi 60, funga kwenye 30, au shusha ubora na uiwashe FSR (mbinu ya kukuza picha ndogo) hadi 60 ipatikane bila kuyumba.